Jina Nililolitaja Kimuka

Kitengela, Jumamosi

Na bado nikalitaja. Njia nzima kwenda Kimuka, kwa wazazi wa mwanafunzi wangu wa zamani, nilikuwa nikijikumbusha kwamba kwa Wamaasai marehemu haitwi tena kwa jina. Salamu zilipoisha tu, likanitoka, kwa sauti ileile niliyokuwa nikimwitia darasani.

Mama yake akatua kikombe. Baba yake akasema polepole, "Mwalimu, hilo jina hapa hatuliiti tena."

Mwalimu! Niko na cheo cha kapteni, nimevaa sare, na mzee bado ananiita mwalimu. Afadhali angenitukana.

Kijana wao nilimfundisha hesabu darasa la saba. Nilipoacha chaki nikaenda jeshi, naye miaka baadaye akanifuata. Nikaomba aletwe kikosi changu. Nilidhani namlinda. Kule Somalia, mimi ndiye niliyempanga kwenye gari la mbele, lile lililolipuliwa.

Hilo sikuwaambia. Na ndilo lililonipeleka.

Nikiaga, mzee alinishika mkono, hakuuachilia.

"Ulikuwa karibu na yeye, mwalimu?"

"Ndiyo, mzee."

Gari langu lilikuwa la tatu.