Kwa Mwai wa Haturari, Uliyetuacha Ukiwa Hai

Mwaka umezunguka tangu ututoke, Mwai Wambugu, mwana wa mtaa wa Ruring'u, sauti ya kwanza ya kundi la Haturari. Wasomaji wasishtuke. Hujafa. Juzi tu ulikuwa redioni ukicheka, na kwa sauti tuliyoisikia, afya yako ni nzuri kuliko yetu. Lakini hukutuaga, na sisi mtu akiondoka bila kuaga tumezoea kumwandikia hivi.

Tuliarifiwa na simu. Katika lile kundi letu la WhatsApp, tulimokuwa tukipangia mazoezi na kutumiana picha za watoto, yalitokea maandishi madogo ya kijivu kwamba Mwai ameondoka. Maxwel, mwenzetu wa tatu kundini, alidhani umebonyeza vibaya. Mimi, Ndila, nilidhani umebadilisha namba. Wiki hiyohiyo tukakuona pichani ukiwa Nairobi, umevaa koti jeupe, unatia sahihi mkataba wa kurap peke yako. Namba ilikuwa ileile.

Tunakukumbuka kwa mengi mema, na hatutayaficha kwa sababu ya hasira. Hukuwahi kupanda jukwaani kabla ya kumsaidia Maxwel kubeba spika. Mama yako alipokuwa akiuza kabichi sokoni, ulituletea zile zilizopasuka, na tulizila baada ya mazoezi katika chumba chake cha mbele, wewe ukigombania sufuria. Baba yangu, aliyekuwa polisi hapa Nyeri, alipofariki, ulisafiri nami hadi kwetu Mwala kumzika. Ulishika sepetu pamoja na vijana wa kwetu, ukiwajibu kwa Kikamba cha kubahatisha. Shangazi zangu wanakuulizia mpaka leo, na mimi sijui niwaambie nini.

Jina letu lilitoka kinywani mwako, nalo lilikuwa kosa. Ulimi wako na herufi L havijawahi kupatana. Kwenye onyesho letu la kwanza, katika ukumbi wa kanisa, mshereheshaji alituuliza kama tumechoka twende tukalale. Ulinyakua maiki ukajibu, "Haturari!" Watu walicheka mpaka wengine wakaanguka vitini. Wewe ulitaka kujificha nyuma ya spika. Ni mimi niliyekushika shati nikakwambia tulifanye jina, mimi ambaye Kikamba kiliniachia L tele na kuninyima R. Kati yetu wawili tulikuwa na herufi zote.

Baada ya hapo jina halikuwa letu tena. Vijana wa Karatina walikuwa wakilipiga kelele kabla hatujashuka garini. Wenye malori ya nyanya kule Kagio walilichora nyuma ya magari yao, kwa R zote mbili, maana nao huamka kabla ya jogoo na ndivyo wanavyotamka. Tulizeeka nalo. Tulipata mvi na vitambi, na bado watoto wa waliotushangilia zamani walilijua.

Kisha ikaja albamu yako. Umeiita *Nimeamka*. Tunauliza tu: miaka yote hiyo ulikuwa umelala wapi? Tuliisikiliza pamoja, tukingojea wimbo mmoja wa majonzi, hata nusu wimbo. Mtu akihama kwao husononeka kidogo, tulidhani. Hakuna. Ni tarumbeta na makofi tangu mwanzo hadi mwisho, unasifu jua, viatu vipya na nyama choma. Na ni nzuri, Mwai. Hilo ndilo linalotuuma. Maxwel, mwalimu wa hesabu asiyecheka ovyo, mguu wake ulianza kuchezacheza kwenye wimbo wa tatu, akaushika goti ili utulie.

Katika wimbo wa nne ukasema "Hatulali", kwa L safi kabisa, kama msomaji wa habari. Tulitazamana. Tukajipa moyo kwamba huenda ni fundi wa studio aliyekulazimisha. Halafu juzi mtangazaji akakuuliza kuhusu lile jina la zamani, nawe ukacheka sana. "Aah, hiyo ilikuwa tu makosa," ukasema. "Ushamba. Tulikuwa hatujui kuongea." Ukaendelea na habari za ziara yako. Sisi tulibaki tumeitazama redio, na hakuna aliyekumbuka kuizima.

Ungejua tulivyohangaika na hilo kosa lako. Pasaka tulikwenda Karatina bila wewe, kwa kuwa watu walituomba na tukaona aibu kukataa. Tulipofika mahali pako katika wimbo, Maxwel akazima muziki kama kawaida, nami nikavuta pumzi nikapaza sauti. Ulimi ukanigeuka. Ikatoka "Hatulali", sahihi kabisa, na uwanja mzima ukanyamaza. Mama mmoja karibu na jukwaa akaniuliza kwa upole Mwai yuko wapi. Nilimwambia uko safarini. Nilikufichia aibu, Mwai, mbele ya watu wako mwenyewe, wakati wewe huna hata habari.

Na sasa meneja wako, Bwana Theuri, amempigia Maxwel simu. Hukupiga wewe. Anasema utazindua albamu katika uwanja wa Ruring'u Jumamosi hii, na ungependa tupande kwa wimbo mmoja tu, tulitaje lile jina la kale ili watu wa nyumbani wapate kucheka. Maxwel alimuuliza kama hayo ni maneno yake au yako. Akasema ni yako, na kwamba ulikuwa na furaha sana ulipoyasema.

Tulibishana siku kadhaa. Maxwel alitaka twende, kwa sababu anakupenda na hajui kukaa na kinyongo. Mimi nilitaka tangazo hili, kama la marehemu. Mwishowe tukaenda kwa mama yako, Mama Phyllis, tukamwomba ruhusa ya kuliweka na jina lake likiwemo. Alikataa katakata. Mtoto wake anakula na kushiba, akasema, na jina la mzazi haliwekwi mahali kama hapo. Tukamwambia basi jina lake tutaliacha nje.

Tulifikiri hakuyasikia mahojiano yako ya redioni. Alikuwa ameyasikia. Alipunguza moto wa jiko, akajifuta mikono kwenye leso, Maxwel akaanza kutafuta kofia yake aondoke. Ndipo mama yako akasema: "Hiyo makosa anaita ya ushamba ni yangu. Si ni mimi nirimfundisha kuongea?"

Hakulia. Alituuliza tu kama huko uwanjani mtu mzima anaweza kupata kiti cha mbele. Maxwel akamwambia atamtafutia.

Kwa hiyo Bwana Theuri apokee jibu letu hapa. Hatupandi. Kwetu marehemu haaliki watu. Lakini Jumamosi, utakapouliza umati kama umechoka, na sauti ya mwanamke mmoja ikajibu kutoka mbele, kwa R zote mbili, usiharakishe kucheka. Angalia kwanza ni nani.

Unakumbukwa na Ndila Mutua, dada yako wa jukwaani. Na Maxwel Ouko, ambaye sasa anabeba spika peke yake. Na mkewe Risper, aliyetushonea sare ya kwanza na bado ameitunza yako. Na shangazi za Ndila wa Mwala, ambao hawajaambiwa. Mama yako hayumo miongoni mwetu, kwa kuwa yeye anasema hujaondoka.

Sisi wengine hatutakusahau kamwe, Mwai, hata tukijitahidi.