Kamba ya Mama Haikukatika

Umetimia mwaka mmoja sasa, Baba yetu Idarusi bin Jumbe, tangu asubuhi ile ya Machi 1955 ulipoanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi wa ghala mjini Tanga. Uliletwa nyumbani Mabawa umebebwa.

Tunakukumbuka kwa mikono yako. Ndiwe uliyewafungia waashi majukwaa, boriti kwa boriti, na ukirudi jioni ulikuta majirani wanakungoja uwafungie mabanda ya kuku. Hukumwambia mtu njoo kesho.

Kamba ulizitaka za Mama tu. Alizisokota mwenyewe kwa makumbi ya nazi aliyoyafukia topeni kwao Kigombe mpaka yakaiva, nyuzi zikawa laini na imara. Kila kamba mpya uliijaribu kwa kuning'inia kwenye boriti ya jikoni, Mama akipiga kelele, "Baba Asmahani, utatuangushia nyumba!" Nawe ukazidi kubembea, mtu mzima na ndevu zako.

Safari ile ya mwisho ulikuwa na haraka, Mama akayafukua makumbi kabla ya wakati wake. Ulipoanguka, nyapara akasema kamba imekatika. Karibu mwaka mzima Mama aliamini kwamba yeye ndiye aliyekuua.

Uweso, mwashi uliyeanguka naye, alilazwa hospitali miezi mingi. Mwezi uliopita alikuja na magongo yake kutupa pole. Mama alishindwa kumtazama usoni.

"Nisamehe, mwanangu. Makumbi yale hayakuwa yameiva."

"Makumbi yepi, mama? Boriti ndiyo iliyovunjika, ndani imeliwa na wadudu. Wallahi kamba yako nimeiona kwa macho yangu. Imeishika vile vile, hata haikulegea."

Mama akamwomba arudie. Akarudia, mara tatu.

Baba, tumefurahi, wala hatuoni haya kusema hivyo siku ya kukukumbuka. Msiba wako tunao bado, lakini ule mzigo mwingine umetuondokea. Ijumaa iliyopita Mama alikuja kaburini kwako kwa mara ya kwanza. Alikaa sana, akizungumza nawe, mpaka tukamfuata.

Unakumbukwa na mkeo Mwamvua, wanao Asmahani, Mastura na Shekhe, wajukuu zako, na jamaa wote wa Mabawa na Kigombe. Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti. Maadamu tuko hai, hutatutoka moyoni.