Ufunguo Uliompa Baba Mdogo

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulinilea hivyo, usidhani nimetulia. Mikono imevimba, kalamu naishika kwa shida, na nina hasira na wewe tangu tulipomaliza matanga.

Kile chumba cha zege hapa Ihumwa tulikijenga sisi wawili, wewe fundi mkuu, mimi binti yako na msaidizi wako. Ramani uliichora nyuma ya kalenda: kuta za inchi tisa, nondo safu mbili, mlango wa chuma, dirisha hakuna. Nilipokuuliza ni cha nini, ukasema, "Ni cha mama yako. Nikiondoka, karatasi zake ziwe salama." Nikakuamini. Nikachekecha mchanga, nikafunga nondo moja moja. Ulisema zege limwagiliwe siku saba. Mimi nikamwagilia ishirini na moja, kwa maji yetu haya ya madumu, kisa nilitaka unisifu. Ukanisifu kweli. Ukaupapasa ukuta, ukasema, "Huu hata mimi siutoboi."

Halafu ufunguo ukampa Baba Mdogo! Si mama. Si mimi niliyejenga. Eti ufunguo wa mji ukae kwa mwanamume. Ulikuwa na akili gani siku hiyo, Baba?

Sasa sikia. Mdogo wako amegoma kufungua mpaka ukoo ukae, na ukoo wenyewe ni yeye na wanawe. Anasema hati ya kiwanja ina jina lako peke yako, kwa hiyo nyumba ni ya ukoo, mama afungashe arudi kwao Kibakwe. Mama, aliyebeba maji kichwani nyumba hii ikiwa bado chumba kimoja! Tukamwomba atuonyeshe hiyo hati. Akaupigapiga mfuko wenye ufunguo, akaondoka.

Mafundi kufuli wawili wameushindwa mlango wako. Nikachukua nyundo na tindo. Siku nne, Baba. Siku ya kwanza nilipata vumbi tu. Nilikulaani wewe, nikajilaani na mimi na madumu yangu. Mama alikaa pembeni kwenye kigoda, ananifuta jasho kwa khanga yake. Siku ya tatu nilikaa chini nikalia kama mtoto. Nondo nimezikata kwa msumeno, zilezile nilizozifunga kwa mikono yangu.

Leo mchana nimepenya kwa ubavu. Hati ipo. Ina majina mawili, lako na la mama. Mama aliishika, akalisoma jina lake, akarudia tena na tena, kisha akaniuliza, "Mbona hakuniambia?"

Nimjibu nini? Ulimpa nyumba, ukamfungia nje. Ulimpenda mama na ukamwogopa mdogo wako, ukafa hujachagua. Kazi ya kuchagua umeniachia mimi na nyundo.

Kesho nampelekea Baba Mdogo nakala. Hati yenyewe inabaki na mama, na hapa hahami mtu, hilo nakuahidi.

Pumzika, Baba. Kukusamehe nitakusamehe, ila si wiki hii.

Binti yako,
Yunisi