Betri Isiyokaa na Chaji

Kuusamo, mwishoni mwa Januari

Mdogo wangu mpenzi Irja,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe na shemeji Rune hamjambo, na kwamba nyonga imeacha kukusumbua tangu daktari wa huko Gävle akubadilishie dawa. Mimi ni mzima, ila goti la kulia ni lile lile. Kifurushi chako cha Krismasi kilifika. Asante kwa soksi, na asante hata kwa kahawa, ingawa nyinyi watu wa Uswidi mnaichoma mpaka inakuwa mkaa. Nimempa jirani yangu Tauno. Kaisifu sana, basi ujue ulimi wake ulivyo.

Najua mwanangu Ilkka amekupigia simu akakwambia kichwa cha mama hakiko sawa. Usikatae, maana ile Jumapili ulizungumza nami kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Sasa kaa chini nikueleze mwenyewe, kwa sababu lipo jambo ambalo Ilkka halijui, na sitaki alijue.

Unalikumbuka gari letu la kulala, lile lenye jiko na vitanda viwili nyuma. Mwezi wa tisa Kauko alirudi nalo kutoka kuvua samaki, akaliegesha uani, akasema amechoka, atajinyoosha humo kidogo kabla ya chakula. Nilipokwenda kumwita, taa ya kusomea ilikuwa inawaka juu ya kitanda chake, miwani iko puani, na mume wangu hayupo tena. Mengine unayajua, ulikuwepo mazishini.

Kauko alikuwa na dini mbili, kanisa na betri, na kanisani alikuwa akikosa. Kila Jumamosi, sauna ya kuogea mvuke ikiwa inapashwa moto, alivuta waya kutoka kwenye nguzo ya umeme ya uani, akazungusha saa ya nguzo inayofungulia umeme, akachaji. Sola ya paani haina kazi siku hizi ambapo jua linachungulia tu na kurudi, na betri ikiishiwa chaji kwenye baridi ya namna hii inaganda na kupasuka. Iliyojaa haigandi. Alinihubiria hayo miaka yote, mimi nikiitikia ndiyo, ndiyo, huku nafuma. Alipoondoka niliona aibu kuiacha ife, nikaanza kuichaji mimi.

Kuanzia Novemba mambo yakaharibika. Nachaji mpaka mita inaonyesha imejaa, nazima kila kitu, nafunga mlango. Jumamosi inayofuata naikuta betri iko hoi, na taa ya kusomea inatoa mwanga wa manjano, karibu kuzimika. Mara ya kwanza nilijilaumu. Mara ya pili nilijiambia kwa sauti, “Raili, umezima,” mwenyewe nimesimama uani kama mwehu. Nikaikuta inawaka.

Ilkka alipokuja kutoka Oulu naye akaiona. Akaniuliza kwa ule upole wake unaoudhi, eti mama, na jiko la umeme je, huwa unakumbuka kulizima? Kesho yake akaniambia amepata nafasi kwenye nyumba ya wazee karibu na kwake, na nikisahau tena hatasubiri. Irja, nilikasirika mpaka nikavunja bakuli. Nyumba niliyolelea watoto wangu, leo nifukuzwe kwa sababu ya taa!

Nikamwita Tauno, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa fundi umeme wa magari. Alipima waya mmoja mmoja, akatoka masharubu yameganda, akasema hakuna mahali umeme unapovuja. “Mama Ilkka,” akaniambia, “labda Kauko anamalizia gazeti lake.” Akacheka. Alipoona mimi sicheki akaaga.

Ilkka alirudi sikukuu ya Epifania. Nikamwambia basi achaji mwenyewe, azime mwenyewe, afunge mwenyewe, na ufunguo aende nao Oulu. Akirudi akakuta taa imezimwa na betri imejaa, nitafungasha virago bila kelele. Alikubali haraka mno. Nikabaki nangoja, na kwa mara ya kwanza nikawa naomba ile taa iwake.

Amekuja Jumamosi iliyopita. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, mimi huku nimeshaandaa kahawa na mkate mtamu wa iliki. Alichelewa. Alipoingia alikunywa kahawa akiwa amesimama. Akasema taa inawaka kwa mbali, betri iko karibu kwisha, na mlango ameukuta umefungwa vile vile alivyoufunga. Nilitaka kupiga vigelegele. Kisha akasema kuna barafu kwenye dirisha la kitanda cha baba, upande wa ndani.

Wewe na Rune mmelala sana kwenye magari haya wakati wa baridi, unajua maana yake. Gari tupu huganda vioo kwa nje. Barafu ya ndani ni pumzi ya mtu aliyelala.

Uso wa Ilkka ulikuwa wa yule mtoto aliyekuwa akikimbilia kitandani kwetu radi ikipiga. Akaniuliza, mama, una ufunguo mwingine? Mama, huwa unalala mle? Irja, hakuwa ananiuliza, alikuwa ananisihi. Nikasema ndiyo.

Sasa naungama kwako peke yako. Sijalala mle hata dakika moja. Ufunguo wa pili ninao wapi? Ulikuwa kwenye mfuko wa koti tulilomzikia Kauko. Nilikumbuka tukiwa tumeshatoka makaburini, nikaona haya kusema. Nilikuwa nimeshinda, nyumba ilikuwa yangu, na nimeitoa kwa neno moja. Niliona afadhali mwanangu awe na mama aliyechanganyikiwa kuliko kuwa na baba asiyelala. Alinikumbatia akalia, akasema hakujua upweke umenifikisha huko. Mwisho wa Februari anakuja kunihamisha.

Kabla ya kuondoka aliing'oa betri ili isigande, akaiweka kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna, na ufunguo akautundika msumarini. Jumatatu mchana nikaenda kukwangua theluji kwenye gari. Nikasikia swichi ya taa ikibonyezwa ndani. Ta. Kimya. Ta. Kimya kirefu, halafu tena, kama mtu asiyeelewa kwa nini haiwaki.

Niliogopa, sikufichi. Koleo lilinidondoka. Lakini nilivyozidi kusikiliza ndivyo huruma ilivyozidi woga, maana yule mtu hakuwahi kupata usingizi bila kusoma kwanza. Nikaipakia betri kwenye kiti changu cha kusukuma kinachoteleza kwenye theluji, nikamwita Tauno aifunge. Aliifunga, na safari hii hakutania. Taa iliwaka kabla hatujafika mlangoni kwangu, wala hakuna kati yetu aliyegeuka nyuma.

Sasa nina ombi. Ilkka anataka kuliuza gari theluji ikiyeyuka, na atakayelinunua atakilalia kile kitanda. Mwambie Ilkka unalitaka wewe. Una uwanja, una umeme ukutani, na baridi ya Gävle si baridi. Lichaji kila Jumamosi, usiache betri ishuke chini ya nusu. Kitanda cha kulia kilikuwa changu, kitumie utakavyo. Ukisema hapana sitakulaumu, ila nijibu mapema nijue la kufanya, kwa sababu mimi kwenda Oulu nimekubali, lakini kumwacha yeye gizani sikubali.

Nisalimie Rune na wajukuu wote, na yule mdogo aliyeota meno mbusu kwa niaba yangu. Itunze nyonga, usitoke nje bila viatu vyenye meno. Leo nikiwa nachaji nilimwambia naye kwamba nakuandikia. Kauko anakusalimu.

Dada yako akupendaye,
Raili