Maji ya Bibi Kwenye Boksi la Kubuni

Alhamisi. Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa haijapumzika. Mitaa ya Kariakoo imejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na asubuhi nilifika shuleni viatu mkononi.

Leo sina wa kumwambia haya, ndiyo maana naandika.

Wiki hii nawafundisha darasa la tatu kutofautisha hadithi za kubuni na habari za kweli. Niliomba maboksi mawili matupu kwa muuza viatu wa mtaa wa nyuma, moja nikaliandika KWELI, jingine KUBUNI. Nasoma kifungu, watoto wanaamua, karatasi inaingia boksini. Sungura anayemdanganya fisi: kubuni. Jinsi mbu anavyoeneza malaria: kweli. Mpaka jana walikuwa hawakosei, nami nikavimba kichwa.

Leo nikataka kuwapa kitu kigumu kidogo. Nikawasimulia cha kwetu Newala, juu kule ambako maji yalikuwa mbali, unateremka bondeni kuyafuata na unapanda na ndoo kichwani jua likiwaka. Siku moja, nikiwa mdogo, niliangusha ndoo ya bibi mlangoni. Bibi akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akalizoa lile tope kwa viganja, akalichuja kwa kanga, akarudia tena na tena, na jioni tukanywa.

Wote wakasema kubuni. Darasa zima.

Nilidhani ni kwa sababu ya maji yenyewe. Watoto wa hapa wanaletewa madumu hadi mlangoni, na leo maji yalikuwa yanatuingilia darasani bila hodi. Lakini Rehema, anayekaa dawati la mbele na hamwogopi mtu, akasimama.

"Mwalimu, si umeanza mwenyewe na hadithi hadithi? Na sisi tukaitikia hadithi njoo, uongo njoo. Sasa uongo si umeshakuja?"

Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka, maana kweli nilianza hivyo bila kujijua. Bibi alianza kila kitu hivyo, hata habari ya nani kamwibia kuku. Nikiyasema yale maneno namsikia yeye.

Nikawaambia hii ni kweli, nilikuwepo. Rehema hakukaa. Juzi tu nilikuwa nimewafundisha kwamba habari ya kweli unaweza kumuuliza mtu mwingine akaithibitisha.

"Sasa tumuulize nani, Mwalimu?"



Bibi alifariki zamani. Mama tulimzika mwaka jana. Hapa mjini hakuna aliyenijua kabla sijawa mwalimu. Nyumba niliyopanga chumba Buguruni ina wapangaji tele, tunapishana koridoni, mambo, poa, kisha kila mtu anafunga mlango wake. Nikasema muda umekwisha, na haukuwa umekwisha, nikaitumbukiza karatasi niliyoandikia kisa cha bibi kwenye boksi la KUBUNI kwa mkono wangu mwenyewe. Iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Ningeweza kumtaja kaka Hamisi. Yuko kulekule nyumbani. Hatujagombana. Zamani mama ndiye aliyepeleka habari zangu kwake na kuniletea zake. Alipoondoka, hakuna aliyeirithi kazi hiyo. Tumeacha tu kupigiana, kila mmoja akidhani mwenzake ana mambo yake.

Baada ya magharibi nikampigia. Shikamoo kaka, marahaba, watoto hawajambo, mikorosho inaendeleaje. Nilizunguka weee. Mwisho nikamuuliza kama anaikumbuka siku niliyoangusha ndoo ya bibi.



"Ndoo niliangusha mimi, mdogo wangu. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama, hata meno huna."

Kumbe nilisimuliwa tu. Bibi kila mara alisema "kitoto kimoja", hakutaja jina, na mimi nikajipa ile nafasi. Nikauliza: na tope? Na kanga? Akasema hayo ni kweli, tulikunywa. Kisha akaniambia taratibu kwamba bibi hakucheka. Alikaa chini akalia, na yeye Hamisi akajificha nyuma ya banda la kuku mpaka giza likaingia. Kicheko bibi alikiweka baadaye, alipoanza kutusimulia.

"Akifika hapo pa kucheka, ananiangalia," kaka akasema.

Nimelia, sifichi.

Kesho nitaitoa ile karatasi. Nitawaambia watoto kwamba tope ni kweli, kanga ni kweli, kicheko bibi alikibuni kwa sababu alimpenda mjukuu wake, na shahidi yupo. Rehema atataka kujua sasa iingie boksi gani. Sijui nitamjibu nini.

Kaka aliniuliza kama nina swali jingine. Nikasema sina. Akasema basi sawa, wala hakukata simu. Na mimi sikukata. Tukakaa hivyo, akiisikiliza mvua ya huku kwangu.

Kesho nitampigia tena, bila swali lolote.