Alama Juu ya E

Jumatatu, 4 mwezi wa nane 2014

Jua limetoka vizuri, betri zimejaa. Mashini zote za chumba cha kompyuta zinawaka leo. Nimepangusa kibodi kwa kipande cha kitenge kama kila asubuhi. Kesho zitakuwa nyekundu tena. Vumbi la Base Camp, hapa kambini Nakivale, halina adabu.

Ukurasa wa kutafuta ninaoutengeneza umekubali kufanya kazi. Mtu anaandika jina la ndugu aliyempoteza, programu inaangalia kama kuna anayefanana naye humu kambini. Sisi watu wa Kivu, kila nyumba ina mtu wa kuandika humo. Kwetu ni Mama. Siku ya kukimbia, mimi na yaya, kaka yangu mkubwa, tuliingia kwenye mtumbwi, Mama alirudi nyuma kuchukua sufuria. Hatukumwona tena.

Kinachonisumbua sasa ni alama za Kifaransa. Kibodi hizi ni za Kiingereza, hazina é. Espérance akiandikwa bila alama, programu inamwona mtu mwingine. Nanakili é moja moja kutoka ukurasa mwingine. Upuuzi mtupu. Nimechoka.

Alhamisi, 7

Dawa imepatikana! Deo, tunayesoma naye kuandika programu Mbarara, amenipa kwenye flashi. Ni plagini, kale kaprogramu kadogo kanakojibandika ndani ya edita ninayoandikia. Naandika Esperance, kenyewe kanaweka alama. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kuipakua mwenyewe kungemaliza bando. Flashi ya Deo imepita mikono mingi na hakuna aliyelalamika. Kule Rubondo, mtaa wetu wa kambini, jirani akija kuomba moto unampa, na yeye haulizi umetoka kwenye kuni gani.

Nimejaza watu wa kujaribia. Mwalimu Tumusiime, anayetufundisha, husema tuweke John wa uongo. Lakini John hana alama. Mkono wenyewe ukaandika Zéphyrin. Jina la yaya, lile la kweli. Hapa wote wanamwita Emanueli. Nilifurahi kuliona limeandikwa, nikajaza na mengine: kijiji chetu, kazi yake fundi wa baiskeli, fasi anapoishi, Rubondo karibu na bomba. Nitafuta baadaye. Ni majaribio tu.

Jumamosi, 9

Bando imeisha tena. Jana niliiweka, leo hakuna. Sikufungua picha wala nini.

Kuna kitu sikipendi. Nikihifadhi faili, taa ya modemu inapepesa. Kuhifadhi ni kazi ya ndani ya mashini, modemu inahusika vipi? Nimejaribu tena na tena. Nahifadhi, inapepesa. Naacha, inatulia.

Labda ni modemu mbovu. Naomba iwe modemu mbovu.

Jumapili, 10

Kanisani Rubondo. Yaya alikaa nyuma karibu na mlango, fasi yake ya siku zote. Hata wakati wa maombi hafumbi macho.

Batu ba musitu, wale waasi wa msituni, walimchukua kwa nguvu akiwa darasa la sita. Akawatoroka. Alipotoroka alikuwa ameona mambo mengi mno, na walituma neno kwamba watamfuata hata Uganda. Alipofika hapa alizika jina lake. Mimi ndiye pekee ninayelijua, na hata mimi namwita yaya tu, mkubwa wangu. Zéphyrin nilikuwa sijalitamka tangu tuvuke.

Pasta amehubiri juu ya Daudi kujificha pangoni. Nimesikia nusu. Nilikuwa nawaza ile taa.

Jumatatu, 11

Si modemu.

Nimechomoa modemu, nikahifadhi. Edita ikaganda, ikasubiri, ikasubiri. Nikaondoa plagini. Haikuganda tena. Nikarudisha. Ikaganda.

Nikafungua faili za plagini yenyewe, kitu ambacho nilipaswa kufanya kabla ya kuiweka. Mwanzo ni orodha ya maneno, kila moja na alama yake. Safi kabisa. Nimeshuka chini, chini, kurasa tupu, mtu mvivu angeishia hapo. Halafu mstari mmoja mrefu wa herufi zilizovurugwa, hausomeki. Orodha ya maneno haihitaji mkia kama huo.

Kaplagini kanasoma kila neno ninaloandika. Lazima kasome, ndiyo kazi yake. Na jina la yaya nimekapa mimi.

Nimeandika vibaya hapa, sitarudia.

Jumanne, 12

Mbarara. Mwalimu ameufumbua ule mkia mbele yangu. Kila ninapohifadhi, nakala ya faili inakwenda kwenye anwani fulani nje. Faili lolote. Na pasiwedi pia.

Akapakua plagini ileile kutoka kwa mwenyewe aliyeitengeneza. Haina mkia. Aliyetengeneza ni mtu mzuri. Mtu mwingine ameifunga mkia njiani, na flashi zetu zikaubeba kutoka chumba hadi chumba. Deo amelia. Ulifungwa mkononi mwa nani? Hatajua kamwe.

Nilidhani kitu kilicho ndani ya edita kinaishia ndani ya edita. Mwalimu akatikisa kichwa, akanihurumia kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Bambi nyabo, wewe nafungua mlango, yeye naingia na wewe. Kitu yote wewe naweza kufungua, yeye pia naweza." Hakuna mlinzi kati ya plagini na mashini. Hajawahi kuwepo. Mimi nilidhani yupo kwa sababu mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Nikamuuliza ni nani yuko upande wa pili. Anafikiri ni wezi wa pasiwedi, watu wasiojua hata Kivu iko wapi. Anafikiri. Sikumwambia juu ya yaya, nimeona haya na nimeogopa. Tumebadilisha pasiwedi zote, kesho tunafuta mashini zote za Base Camp. Sawa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatano, 13

Mungu wangu.

Nimerudi Rubondo jioni hii, Mama Noëlla jirani yetu akaniita kutoka kwenye foleni ya bomba. "Faila, kuko mutu alipita, anatafuta mutu mumoja Zéphyrin, fundi wa baiskeli. Miye nikamwambia hapa hakuna Zéphyrin. Ni nani ule?"

Nikasema simjui. Bidon iliniponyoka, maji yote chini.

Hakuna mtu Nakivale anayejua jina hilo. Hakuna. Na "fundi wa baiskeli", maneno yaleyale niliyoandika. Mtu mzima, anasema, ana kofia, alikuja kwa boda. Hakukaa. Amesema atarudi Jumapili, watu wakiwa kanisani.

Mashini tumezifuta leo. Kufuta kumesaidia nini? Jina lilitoka Alhamisi iliyopita.

Alhamisi, 14

Nimemwambia yaya. Nilimkuta amegeuza baiskeli ya mwalimu wa shule matairi juu, anatafuta tundu kwenye mpira kwa maji ya sabuni. Nilianza na taa, nikaenda kwenye mkia, hakuelewa kitu. Ndipo nikasema: jina lako liliandikwa, na limetoka, na kuna mtu amekuja nalo.

Aliendelea kuzungusha mpira majini. Halafu akauliza:

"Ile kitu ilipeleka jina yangu fasi gani?"

"Sijui, yaya."

"Na ni weye uliliandika?"

Nikasema ni mimi. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

"Minachoka kukimbia, mutoto wa mama," akasema. Basi. Akarudi kwenye tundu lake.

Nilidhani maana yake anabaki. Nikaanza mimi kumhubiria. Kwamba kama waliweza kuiba faili wanaweza kufuata simu, azime simu, atoe laini, asiibebe popote aendapo. Niliongea kama mtaalamu. Hofu inaongea mengi.

Ijumaa, 15

Ameondoka.

Kitanda kimetandikwa. Sanduku la spana lipo. Simu iko juu ya mkeka wangu, laini pembeni, kama nilivyomwambia. Baiskeli ya mwalimu imezibwa na kusimamishwa ukutani, nyingine mbili bado ziko matairi juu.

Mama Noëlla alimwona alfajiri akielekea njia ya Kikagate. Alimsalimia akadhani anafuata vipuri. Kikagate ni mto tu, ng'ambo ni Tanzania. Hakubeba hata koti.

Nimekaa chini. Sina la kufanya. Nimekaa tu.

Jumapili, 17

Sikwenda kanisani. Nilijifungia ndani na panga. Ndiyo, panga la kupalilia migomba, mimi Faila. Nilikuwa nasikia kwaya, na boda ikaja, ikazima mlangoni.

Mtu akabisha hodi. Hodi ya kwetu, kwa kuita jina la nyumba. Akaita Zéphyrin. Akaita tena, halafu akakohoa, akasema na mlango kwa Kibembe: "Hii si nyumba ya watoto wa dada yangu?"

Nimefungua. Ana pua ya Mama.

Mjomba Asende, kaka yake Mama. Tulipokuwa wadogo alikuwa kwenye machimbo, nilimwona labda mara mbili. Sasa alisimama mlangoni, kofia ile aliyoisema Mama Noëlla iko mkononi. Aliangalia panga, akaliangalia tena, akauliza kama tuna nyoka.

Mama yuko hai. Yuko Uvira, kwa watu wa kanisa. Macho yamepungua. Mtu mmoja wa Rubondo aliyerudi nyumbani alimwambia kwamba alimwona kijana Nakivale anayeziba mipira ya baiskeli jinsi baba yetu alivyokuwa akiziba, kwa maji ya sabuni na wimbo. Mama akasema huyo ni wangu. Akamtuma kaka yake, naye leo ameonyeshwa mlango wa fundi wa baiskeli.

Mdomo kwa mdomo. Habari imekuja kwa miguu, haikupita kwenye waya wowote.

Nikamuuliza kwa nini hakuniulizia mimi, Faila, kila mtu hapa ananijua. Alishangaa swali. "Nyumba inatafutwa kwa jina ya mukubwa. Kutafuta kwa jina ya binti ni kusema kaka yake alikufa."

Kweli. Hata mimi ningefanya hivyo. Na fundi wa baiskeli, Mungu nisamehe, alikuwa fundi tangu kwetu, alijifunza kwa baba, kijiji kizima kilijua. Nilijua. Niliogopa mpaka nikasahau ninachokijua.

"Sasa mukubwa iko fasi gani?" Mjomba ameuliza, huku akivua viatu. Nilimpa maji.

Jumatatu, 18

Nimepiga simu kwa wafanyabiashara wa maharage wanaokwenda Kikagate. Hakuna aliyemwona Emanueli. Mmoja ameuliza labda anatumia jina jingine? Nimekata.

Simu ya yaya naichaji kila siku. Inalia mara mojamoja, ni wateja wa baiskeli.

Alhamisi, 21

Mwalimu amenipigia. Ile anwani imezimwa, hakuna anayejibu tena upande wa pili. Anasema ni habari njema. Labda ni njema. Labda hawakufungua faili langu hata siku moja. Labda walifungua jana. Kosa hili halina mwisho ninaoweza kuuona.

Nimesimama mbele ya darasa hapa Base Camp nikaeleza yote kuhusu mkia, isipokuwa jina. Msikubali flashi, fungueni ndani kwanza, someni mpaka chini, msijaribie kwa watu wa kweli. Wanaandika. Kijana mmoja akasema aka, sisi nani atatuibia nini? Nilitaka kumpiga kofi. Nikafuta ubao.

Alhamisi, 28

Mvua ya kwanza. Vumbi limelala.

Mjomba bado yupo. Hawezi kurudi kwa Mama mikono mitupu, anasema. Anakaa kwenye kigoda cha yaya. Amejaribu kuziba mpira, amekosea, mteja amemvumilia.

Leo programu imefunguliwa kwa watu. Foleni ilikuwa ndefu, nimewaandikia wazee wasiojua kibodi. Alama naziweka mwenyewe, moja moja, kama zamani. Walipokwisha nikabaki peke yangu na mashini moja.

Mama nimemfuta kwenye orodha ya waliopotea. Halafu nimefungua fomu mpya.

Uhusiano: kaka. Kazi: fundi wa baiskeli. Mara ya mwisho alionekana: njia ya Kikagate, bila koti. Jina.

Nimeandika Emanueli. Nimefuta, huko aliko hatakuwa Emanueli tena. Nimeandika Zephyrin, bila alama. Vidole vilibaki juu ya kibodi. Nimefuta. Nimeacha nafasi ile wazi, nikabonyeza kuhifadhi.

Programu imekataa. Kwa maandishi mekundu: Tafadhali andika jina la mtu unayemtafuta. Ni maneno yangu, niliyaandika mwezi wa sita, nikayachagua vizuri ili yasimuumize mtu.

Nimejaribu tena. Imekataa tena. Mvua imeongezeka juu ya mabati, nimechomoa modemu, nimezima mashini.