Maziwa ya Mama Mnadani Chuoni

Yeyo, mama yangu, shikamoo! Karatu ni baridi na vumbi, ila mwanao ninang'aa.

Leo, kwenye chuo cha Walutheri anakosoma binti yako Nasieku, sadaka za mavuno zilipigwa mnada baada ya ibada ili wanafunzi wasio na kitu wapate kula. Mahindi yakanunuliwa, jogoo akanunuliwa. Kilipofika kibuyu cha maziwa ulichonipa nilete, mhadhiri aliyekuwa ananadi akachungulia ndani. "Mh, mbona maziwa yana mkaa?" Watu wakacheka, akakiweka kando. Nasieku akainamisha kichwa.

Mimi ninyamaze? Dereva niliyefika mpaka Nairobi na Kampala? Nikasimama: "Mwalimu, huo mkaa ndio unaosafisha kibuyu na kuleta utamu! Mama amewanyima ndama ili awape ninyi. Siketi mpaka kinadiwe!" Nikapiga funda mbele ya wasomi wote. "Haya, nani anafuata?"

Akaja mama mchungaji, akanywa, akafumba macho. "Kaka, nakinunua, halafu nakirudisha kinadiwe tena." Wakakigombania, mama! Hata yule mhadhiri alilamba masharubu.

Uliogopa watatucheka. Basi na wacheke, midomo yao myeupe kwa maziwa yako! Mwakani unakuja mwenyewe, unakaa benchi la mbele na shanga zako zote, na atakayekusogeza nyuma atanijua.

Mungu akutunze pamoja na ng'ombe wako.

Mwanao, Lekishon